Je, Ni Huruma au Ni Deni?

Twataka kuuliza neno moja. Mtu akiandika tangazo katika karatasi, akalipiga picha kwa simu, akalituma kwa watu wote, je, amewaarifu wote? Wengi watajibu, "Ndiyo." Walakini miongoni mwao yumo ndugu asiyeona. Simu yake ina programu imsomeayo herufi kwa sauti. Lakini ikikuta picha isiyo na maelezo, mara nyingi hutamka "picha" tu, kisha hunyamaza. Ziko programu zijaribuzo kutambua maandishi yaliyomo ndani ya picha, ila hukosea, hasa katika mwandiko wa mkono.

Hapo husemwa, "Tumhurumie." Sisi twaona ya kuwa neno hilo halitoshi.

Zamani kumpatia kipofu kitabu kulikuwa kazi kubwa kweli. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alitunga maandishi ya nukta sita yasomwayo kwa vidole mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15. Walakini shule yake ya Paris iliyakubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kufa kwake. Tena kitabu kimoja kikipigwa chapa kwa nukta hizo huweza kuwa mabuku kadhaa mazito. Aliyejitwika kazi hiyo alistahili kuitwa mwenye huruma.

Lakini hati ya kompyuta ni jambo jingine. Hiyo ni herufi tangu kuandikwa kwake, na herufi hizo mashine yaweza kuzitamka. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, asiyeona, alianza kutengeneza programu ya NVDA isomayo maandishi ya kompyuta kwa sauti, naye James Teh, asiyeona pia, akashirikiana naye. Nayo hutolewa bure hata leo. Basi mlango ulikuwa wazi. Tulioufunga ni sisi, tulipoigeuza hati kuwa picha. Asiyetoa mali yake amekosa huruma. Azibaye njia ya mwenziwe anadaiwa.

Huenda mtu akasema, "Jirani atamsomea." Je, hata barua ya daktari? Hata hesabu ya madeni yake? Sisi wenye macho twasoma siri zetu peke yetu. Mbona yeye alazimishwe kuzifunua mbele ya mwingine, tena angoje mpaka huyo apate nafasi?

Na malipo ya deni hili si makubwa. Tutume maandishi yenyewe, si picha yake. Vichwa vya habari tuvitie alama ya kichwa iliyomo katika programu ya kuandikia, tusikuze herufi tu. Maana asiyeona huruka toka kichwa hata kichwa, kama sisi turushavyo macho. Na kila picha yenye maana tuiandikie maneno machache ya kuieleza.

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Basi, tuanze na tangazo la juma hili.