Je, Rangi Yaweza Kusema Uongo?

Watu wengi hudhani ya kuwa uongo ni jambo la ulimi tu. Walakini mtu aweza kumdanganya mwenzake pasipo kufumbua kinywa, kwa kazi ya mikono yake, na hasa kwa brashi. Nataka tulifikiri jambo hili kwa mfano wa kazi moja ndogo, yaani kazi ya mtu atengenezaye uani kwake mashua kuukuu ya kuvulia samaki, iliyoundwa kwa alumini. Nimeichagua mashua ya namna hiyo kwa sababu itakayoonekana mbele kidogo. Mashua ya mbao isingetufaa.

Alumini msomaji anaijua jikoni mwake, kwa maana ndiyo madini ya sufuria nyingi. Zamani ilikuwa kitu adimu kabisa. Mwaka 1884, Wamarekani walipomaliza kujenga mnara wa kumkumbuka George Washington, waliweka kileleni kipande kidogo cha alumini, nao wakakihesabu kuwa fahari. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1886, Charles Martin Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, waligundua njia ya kuitenga alumini kwa nguvu za umeme, na bei yake ikaanguka. Vita vikuu vya pili vilipokwisha mwaka 1945, viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege vilitafuta kazi nyingine. Kiwanda cha Grumman, kilichokuwa kikiunda ndege za vita, kilianza kufanya mitumbwi ya mabati ya alumini yaliyofungwa kwa ribiti, na wengine wakaunda mashua. Hivyo vyombo hivi vikaenea katika maziwa ya Marekani na Kanada. Vingi ni vya futi 12 hadi 16, ni vyepesi, navyo havifi upesi. Hata leo zipo mashua zenye umri kupita umri wa mwenyewe, kwa kuwa alizirithi kwa babaye, na babaye pengine alizinunua kwa jirani.

Sasa sababu niliyoiahidi ni hii. Dau la mbao lisipopakwa sifa na deheni huharibika, na chuma kisipopakwa rangi huliwa na kutu. Katika vyombo hivyo rangi na mafuta ni dawa, na mwenye kuvipaka hana la kuulizwa. Lakini alumini ikiguswa na hewa hujifanyia yenyewe ngozi nyembamba, nyembamba kuliko uzi wowote, na ngozi hiyo huilinda. Katika maji ya ziwa, yasiyo na chumvi, mashua ya alumini yaweza kukaa tupu miaka mingi pasipo dhara kubwa. Basi rangi yake si dawa, ni vazi. Na ikiwa ni vazi, twaweza kuuliza: mtu huivika mashua yake kwa nini? Kwa heshima, au kwa kuficha?

Jibu halipatikani kwa kuitazama rangi. Watu wawili waweza kununua kopo moja, wakagawana nusu kwa nusu, wakapaka siku moja, na mashua zao zikang'aa sawasawa gatini. Mmoja rangi yake imekuja baada ya matengenezo, na mwenzake rangi imekuja mahali pa matengenezo. Jicho halioni tofauti mpaka upepo utakapovuma.

Tumfuate kwanza yule wa kwanza. Yeye huanza kwa kuitafuta aibu ya chombo chake. Huiweka mashua juu ya magogo, kisha huimiminia maji ndani, kidogo kidogo, kwa maana lita 300 za maji zina uzito wa kilo 300, na chombo kilichoundwa kubebwa na maji kutoka chini chaweza kupasuka kikiyabeba tumboni. Kisha huinama chini yake na chaki mkononi. Kila mahali panapodondoka tone, hutia alama. Kazi hii ni ya kunyenyekeza, kwa kuwa mashua iliyoonekana nzima hutokwa na machozi penye ribiti ishirini. Ribiti zilizolegea hukazwa na watu wawili: mmoja hushikilia chuma kizito upande wa kichwa, mwenziwe hugonga upande wa pili. Mtu mmoja hawezi kuwa pande zote mbili za bati, na kwa hiyo hulazimika kumwita jirani, naye jirani huziona alama zote za chaki. Nadhani wako watu ambao hukimbilia rangi kwa sababu hii tu.

Penye ufa kuna hekima ya pekee. Mtu asiyejua huufunika kwa kiraka, akafurahi. Lakini nguvu zote zinazovuta bati hukusanyika katika ncha kali ya ufa, nao huendelea kutambaa chini ya kiraka. Fundi hutoboa kwanza tundu dogo la mviringo mwisho wa ufa, ili ile ncha isiwepo tena, ndipo aweke kiraka chenye pembe zilizoviringwa, na gundi ya kuzuia maji katikati. Nacho kiraka sharti kiwe cha alumini. Wasomaji wanaukumbuka mfano wa kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu. Huku nako, shaba au chuma kikigusana na alumini majini, alumini ndiyo iliwayo, na kiraka chenye nguvu hugeuka kuwa mwuaji wa bati lililokipokea. Hata rangi zile zenye shaba ndani yake, zinazopakwa matumbo ya vyombo vya bahari ili viumbe visinate, hazipakwi juu ya alumini kwa sababu hiyohiyo.

Kisha pana mahali pasipoonekana kabisa. Nyuma ya mashua nyingi hizi kuna ubao unaobeba injini, nao mara nyingi umefunikwa kwa bati. Ubao huoza ndani na bati likabaki zuri nje. Chini ya viti vya mashua nyingi hutiwa vipande vya kitu chepesi mfano wa povu lililogandamana, ili chombo kikijaa maji kisizame. Povu hilo likizeeka huweza kunywa maji, na lile lililowekwa kuwaokoa watu huwa mzigo wa kuwavuta chini. Mwenye kununua hafungui viti. Mwenye kutengeneza aweza kuvifungua, au aweza kuvipaka rangi.

Hapa nageukia wenye hekima wa kale, kwa maana walikwisha kuligombania jambo hili. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu wa mtu, na katika sehemu ya tatu akasimulia mashindano ya Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso, mwanafunzi wake. Mtu auza nyumba yenye mbao mbovu, naye peke yake ajua. Je, lazima aseme? Antipater alisema ni lazima, kwa kuwa kumwacha mnunuzi aingie hasarani kwa kutojua ni kama kumwona aliyepotea njia usimwonyeshe. Diogenes akajibu ya kuwa kunyamaza si kuficha. Muuzaji atii sheria, asiseme uongo, na mnunuzi atumie macho yake. Cicero mwenyewe aliona kwamba yule muuzaji hakupaswa kuwaficha wanunuzi.

Mimi nakubaliana na Antipater, lakini nataka kuongeza neno. Hata tukimpa Diogenes haki yake yote, hoja yake haimfai mwenye brashi. Yule wa nyumba amenyamaza tu. Wa mashua hakunyamaza. Mashua kuukuu iliyoachwa tupu husema yenyewe, kwa mabonde yake na mikwaruzo na madoa meupe penye ribiti. Mtu aliyeyafunika hayo pasipo kuyatengeneza amekizuia chombo kisiseme, kisha amesema badala yake. Mnunuzi atatumia macho yake, kweli, lakini macho hayo yamekwisha kupewa jibu.

Pengine mtu ataniambia: basi mwaminifu na asipake kabisa, abaki na bati tupu na viraka wazi. Sioni hivyo. Mgonjwa aliyepona akavaa kanzu safi hamdanganyi mtu. Tena iko heshima katika kukitunza kitu cha mzee wako kwa namna ya kumfurahisha angekiona, na heshima hiyo haihitaji kuombewa udhuru. Mimi naona kipimo ni kujiuliza: je, ningefurahi mnunuzi huyu angefika siku ile kabla sijapaka? Mwenye kujibu naam, rangi yake ni kanzu. Mwenye kushukuru kwamba alichelewa, ajue alichokifanya.

Tena kuna kile kibati kidogo, kinachotakiwa kwa mashua nyingi ndogo za Marekani tangu miaka ya 1970, kinachoeleza chombo chaweza kubeba watu wangapi na uzito gani. Mara nyingi hupakwa rangi kwa uvivu tu wa kutokibandikia karatasi. Hapana aliyekusudia ubaya, lakini yule wa saba atakayeingia katika mashua ya watu wanne hatajua.

Wengine husema, “Mimi siuzi, nitapanda mwenyewe.” Hoja hii ina nguvu kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kwanza, kazi ya uani haimhusu mwenyewe peke yake. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, na rangi ya kwanza ya kimanjano iliyopakwa alumini mara nyingi ilikuwa na kromati, nayo huleta saratani. Akizisugua kwa msasa mkavu, vumbi halitauliza ni nani mwenye mashua. Litakwenda kwa watoto wachezao, na kwa nguo za jirani zilizoanikwa. Afadhali asugue kwa maji na kuuzoa uchafu wote. Pili, kumbukumbu ya mtu hufifia upesi kuliko rangi. Mwaka wa kwanza akumbuka ya kuwa ubao wa nyuma ulikuwa laini. Mwaka wa nne aiona mashua yake nzuri, aamini anachokiona, akaweka injini nzito zaidi. Rangi aliyoipaka kwa ajili ya macho ya wengine imemdanganya yeye.

Na mwisho mwenyewe hufa, na mashua hubaki. Mjane atamwuzia kijana pasipo kujua lolote, wala yeye hana kosa. Kwa hiyo napendekeza kila atengenezaye chombo cha namna hii aandike chini ya kiti cha mbele mwaka wa kazi, viraka viko wapi, na yale aliyoyaacha bila kutengeneza. Asiandike kwa kuchonga, kwa maana bati ni jembamba. Wala asitumie penseli: ule weusi wa penseli nao, ukipata unyevu, hula alumini kama shaba ilavyo, hata mafundi wa ndege hukatazwa kuandika kwa penseli juu ya bati. Aandike kwa rangi ileile iliyobaki koponi.