Mtafiti na Kihenge

Elimu ya kuponya ina milango miwili. Mmoja hufunguka kitandani pa mgonjwa. Wa pili hufunguka nyumbani kwa mtu ambaye bado ni mzima. Watu wengi hukusanyika penye mlango wa kwanza, kwa kuwa huko kilio husikika na shukrani huonekana. Mlango wa pili hauna msongamano. Mtafiti wa saratani ya ini hawezi kukwepa kuchagua atumie umri wake mlangoni wapi, na uchaguzi huo ni jambo la wema na wajibu kabla ya kuwa jambo la sayansi.

Mlango wa kwanza usidharauliwe. Mwaka 1963 Thomas Starzl, huko Denver, Marekani, alijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikiza binadamu ini la mtu mwingine. Mgonjwa wake, mtoto mdogo, alifia mezani pa upasuaji. Starzl hakuacha, mwaka 1967 mtoto mwingine, aliyekuwa na saratani ya ini, alipandikizwa akaishi zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya dawa ya vidonge iitwayo sorafenibu: wagonjwa walioitumia waliishi kwa wastani miezi 10.7, na wasioitumia miezi 7.9. Miezi hiyo michache ni matunda ya kazi ya maelfu ya watu kwa miaka mingi. Aliyekaa na mpendwa wake miezi mitatu zaidi hawezi kuiita midogo. Lakini tiba hizo humngoja mgonjwa atambuliwe, na mwanakijiji wa bara mara nyingi hufika hospitali tumbo limekwisha kuvimba na macho yamekuwa ya manjano.

Michael Hutt, profesa wa elimu ya maradhi huko Makerere katika miaka ya 1960, alifika kwenye mlango wa pili kwa njia ya mlango wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kutazama kwa darubini vipande vya miili ya wagonjwa na kusema ni ugonjwa gani. Mtu wa kazi hiyo angeweza kuridhika na jina la ugonjwa. Hutt na wenzake waliuliza swali la ziada: wagonjwa hawa walikula nini? Kati ya mwaka 1966 na 1967 vilikusanywa vyakula 480 vilivyowekwa akiba katika sehemu mbalimbali za Uganda, vikapimwa sumu ya kuvu. Zaidi ya robo vilikuwa nayo, na Karamoja, nchi kavu ya wafugaji, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizozidi kwa sumu na kwa saratani ya ini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1971. Sumu yenyewe ilikuwa imejulikana muda mfupi tu kabla yake, baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Inafaa kukumbuka kwamba ini la ndege wa biashara lilichunguzwa kwanza, na ini la mkulima likafuata.

Nyanda za juu za kati za Tanzania zina ukavu kama wa Karamoja. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hata Aprili, nao haufiki kwa ahadi. Wagogo hawajasahau Mtunya, njaa kuu ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Ukame humdhoofisha muhindi ungali shambani, na kuvu huingia. Kisha punje zikihifadhiwa na unyevu, kuvu hustawi kihengeni. Katikati ya mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafa. Kenya ilikuwa imeonja msiba huo mwaka 2004, wagonjwa 317 na vifo 125. Vifo vya namna hii hutangazwa. Lakini kiasi kidogo cha sumu hiyo kikiliwa kila siku hakimwangushi mtu. Hulijeruhi ini polepole kwa miaka, na akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari huzidi maradufu. Moto wa jikoni hauiondoi, na ugali mzuri hauna alama ya kuionyesha.

Hapa ndipo penye swali gumu. Mtafiti amepima mahindi ya mjane na kuona sumu. Mjane hana mahindi mengine. Amwambie nini? Wahenga wamesema mwenye njaa hana miiko, na mwiko wa maabara hauna nguvu kuliko miiko ya mababu. Wako wasemao kwamba wajibu wa mtafiti ni kusema kweli, na yatakayofuata ni ya serikali. Wengine husema heri kunyamaza kuliko kumwongezea hofu asiye na hiari.

Kauli zote mbili zina upungufu. Anayenyamaza humwamulia mtu mzima kwamba hastahili kujua kinachoingia kinywani mwake. Huo ni udhalimu uliovaa huruma. Anayesema kisha akaenda zake humtwika mjane mzigo akamwachia na njia ya kuutua aitafute mwenyewe. Kweli ya namna hii ina deni: anayeileta na ailete pamoja na jambo linalotendeka. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Yakauke hasa kabla ya kuwekwa. Punje zilizovunjika na zenye ukungu zichambuliwe. Mtoto apate chanjo ya homa ya ini. Na punje zilizotengwa zisigeuzwe pombe, wala kulishwa kuku. Sumu iliyofukuzwa mlangoni isirudi kwa dirisha.

Husemwa pia kwamba watu warudie mtama na uwele, nafaka za kale zinazostahimili ukame. Shauri hili ni jema, lakini lisitolewe kwa kiburi. Mtama hudai mtu wa kuamia ndege kutwa, na watoto waliofanya kazi hiyo sasa wako shuleni. Mkulima aliyechagua mahindi alikuwa na hoja yake, na mtafiti asiyeisikiliza hatasikilizwa.

Kazi hii ina malipo ya ajabu. Aliyeponywa humjua mponyaji wake. Aliyekingwa hamjui, wala hajui kwamba alikuwa hatarini. Hakuna atakayetoka Chemba au Kondoa kwenda kumshukuru mtu kwa ugonjwa ambao hakuupata. Pengine ndiyo sababu mlango wa pili una watu wachache, na ndiyo sababu kuuchagua ni kipimo cha wema. Mponyaji na afurahie shukrani, kwa kuwa ni haki yake. Lakini atakayezingoja kabla ya kutenda hatafika kihengeni kwa mjane, na mavuno hayamngojei.