Somo la 9: Umri wa Sara

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 17:15–19, 18:9–15, Isaya 46:1–4, Marko 5:25–34, 1 Petro 3:7, Ruthu 1:11–21, Luka 2:36–38, Tito 2:3–5.

Fungu la Kukariri: Isaya 46:4. Kila mshiriki alisome katika Biblia yake na kulikariri kabla ya Sabato.

Njia ya zamani ya misafara, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, ilipita Tabora. Pembe za ndovu zilisafiri mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na Tabora palikuwa mahali pa kutua mizigo na kupumzika. Watu wa nchi hii wanajua maana ya kubeba na kubebwa. Nabii Isaya anatumia picha hiyohiyo. Miungu ya Babeli imepakiwa juu ya wanyama waliochoka, lakini Mungu wa Israeli hapakiwi juu ya mnyama yeyote. Yeye ndiye anayewabeba watu wake, tangu tumboni mwa mama zao hadi wanapoota mvi.

Ulyankulu, kaskazini-magharibi mwa mji wa Tabora, ilianza kama makazi ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka ule wa kukimbia alifikisha miaka 50 mwaka 2022. Wasichana waliokulia katika makazi hayo, pamoja na wenzao Wanyamwezi, Wasukuma na Waha, sasa wamefika au wanafika umri wa hedhi kukoma. Wengi wamefika hapo bila mtu kuwaambia lolote. Juma hili somo linauliza: Mungu anamwonaje mwanamke wa umri huo, na kanisa linadaiwa nini kwake?

JUMAPILI: Biblia Haikuona Haya

Soma Mwanzo 18:9–15. Fungu la 11 linasema nini juu ya mwili wa Sara?

Musa angeweza kuandika tu kwamba Sara alikuwa mzee. Aliongeza jambo la pili: hedhi yake ilikuwa imekoma. Katika Maandiko Matakatifu, kitabu kinachosomwa mbele ya wazee, vijana na watoto, jambo hilo limetajwa waziwazi, bila kejeli na bila kulificha. Jambo ambalo Roho Mtakatifu aliona linafaa kuandikwa, kanisa halina sababu ya kulionea haya.

Tazama pia mpangilio wa habari yenyewe. Katika Mwanzo 17:15, Mungu anampa Sarai jina jipya, Sara. Wakati huo Ibrahimu ana miaka 99, na Sara amepungua miaka kumi tu kwake. Kwa hiyo jina la heshima halikuja siku za ujana wake. Lilikuja katika uzee, siku ambazo jirani yeyote angesema kwamba habari ya Sara imekwisha.

Hapa pana tahadhari. Isaka alikuwa muujiza wa ahadi maalumu. Si ahadi kwa kila mwanamke ambaye hedhi yake imekoma bila kupata mtoto. Anayemwambia dada wa miaka 52 kwamba akiwa na imani atazaa kama Sara anamtwika mzigo ambao Mungu hakumtwika. Thamani ya Sara haikutoka kwa Isaka. Mungu alimwita kwa jina kabla mimba haijatungwa.

Je, msichana wa kanisa lenu hujifunza wapi habari za mwili wake? Na mama yake naye hujifunza wapi?

JUMATATU: Si Kila Joto ni Malaria

Soma Zaburi 139:13–16. Ikiwa Mungu ndiye aliyeuumba mwili, kuna faida gani ya kiroho katika kuuelewa?

Kadiri umri unavyosogea, mifuko ya mayai hupunguza kutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo huja miaka kadhaa ya mpito, siku zikipishana: mwezi huu damu nyingi, mwezi ujao hakuna. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akikaa miezi 12 mfululizo bila kuona damu, pasipo sababu nyingine kama ujauzito, ugonjwa au dawa. Kabla ya miezi hiyo kutimia, mimba bado inaweza kuingia.

Dalili inayojulikana zaidi ni joto la ghafla. Huanza kifuani, likapanda shingoni na usoni, likadumu dakika chache, kisha likaacha jasho na wakati mwingine baridi. Usiku mwanamke huamka khanga imelowa. Wengine hukosa usingizi, moyo huenda mbio, viungo huuma, hukasirika upesi au hulemewa na huzuni isiyo na sababu inayoonekana. Wengine hawasikii karibu chochote. Wote hao ni wazima.

Mkoani Tabora, ambako malaria ni ugonjwa wa kila siku, mwanamke akitokwa jasho usiku hudhani mara moja kuwa ni homa. Hununua dawa ya mseto dukani, mwezi huu na mwezi ujao, bila kupima. Matokeo ni mabaya kwa pande zote mbili. Asiye na malaria hunywa dawa asiyoihitaji, na siku atakapougua malaria ya kweli atasema, “Ni yale majoto yangu tu.” Njia ya busara ni kwenda zahanati na kupima. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, mwambie mhudumu umri wako na jinsi siku zako zinavyokwenda.

Estrojeni ikipungua, mifupa nayo hupoteza nguvu na hatari ya magonjwa ya moyo huongezeka. Msaada mwingi upo jikoni na shambani: maziwa, dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, mboga za majani, maharage, ufuta, kutembea, jua la asubuhi, kulala mapema. Uvutaji wa tumbaku hudhoofisha mifupa na huwahisha hedhi kukoma. Neno hilo ni zito katika wilaya ambayo tumbaku ndiyo zao la fedha. Joto likizidi mno, daktari ana dawa, ikiwamo tiba ya homoni, ambayo huitoa baada ya kuchunguza kama inamfaa mhusika.

JUMANNE: Aliyesema Kweli Yote

Soma Marko 5:25–34. Mwanamke huyu alipoteza nini katika miaka 12? Yesu alimfanyia nini zaidi ya kuizuia damu?

Alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga wengi, na hali yake ilizidi kuwa mbaya. Alikuja kwa nyuma, kwa siri, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa wa kuaibisha. Bwana angeweza kumwacha aende na siri yake. Badala yake alisimama, akauliza, akangoja mpaka mwanamke aeleze kweli yote mbele ya watu. Hakumkemea kwa kuitaja damu. Alimwita binti.

Wapo wanawake leo wanaokuja kwa nyuma. Hedhi imekoma mwaka mzima au zaidi, kisha damu inarudi. Jirani anasema, “Ujana umerudi.” Mwingine anasema ni uchafu unaotoka, anywe mizizi. Kanuni ya afya hapa ni moja na haina ubaguzi: damu yoyote inayoonekana baada ya miezi 12 ya kukoma hedhi ni sababu ya kwenda hospitali, hata ikiwa ni tone, hata ikiwa haina maumivu. Mara nyingi chanzo si kibaya. Lakini inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi au ya mfuko wa uzazi, na saratani inayogunduliwa mapema inatibika kwa urahisi zaidi kuliko iliyochelewa. Damu nyingi kupita kiasi wakati wa miaka ya mpito nayo isizoeleke, kwa kuwa huleta upungufu wa damu.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mabadiliko yanayoitangulia huweza kuonekana kwa kipimo rahisi cha kupaka siki, kinacholengwa hasa kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Tangu mwaka 2018 wasichana nao hupewa chanjo dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani hiyo.

Katika sura hiyohiyo yumo binti wa Yairo, mwenye miaka 12. Nyumba nyingi zinao wawili hao chini ya paa moja: binti anayeanza na mama anayemaliza. Yesu aliwashughulikia wote wawili safari moja. Hakuna aliyemwona kuwa mdogo mno au mzee mno.

JUMATANO: Kukaa kwa Akili

Soma 1 Petro 3:7. Petro anaunganishaje maarifa ya mume, heshima kwa mke na maombi?

Petro hamwagizi mume ampende mke kwa moyo tu. Anamtaka akae naye akijua. Mume asiyejua huongozwa na dhana. Mke anahamia mkekani kwa sababu ya joto, yeye anasema amechukiwa. Mke anakwepa tendo la ndoa, yeye anadhani kuna mwanamume mwingine, kumbe estrojeni ilipopungua uke umekuwa mkavu na tendo linamuumiza. Hali hiyo ina msaada: vilainishi vipo, dawa zipo, na subira haiuzwi dukani. Lakini mke hawezi kusaidiwa kwa jambo ambalo nyumba nzima inaogopa kulitaja.

Wapo wanaume wanaoona kukoma kwa hedhi kuwa ruhusa ya kuoa mke mwingine. Nyumba ya Ibrahimu ilijaribu njia hiyo kwa Hajiri, na Mwanzo 16 na 21 zinaonyesha machozi yaliyofuata, ya wanawake wawili na watoto wawili. Agano la ndoa halikufungwa na tumbo la uzazi. Sara aliishi miaka 37 baada ya kumzaa Isaka, na alipokufa, Ibrahimu alimlilia (Mwanzo 23:1, 2).

Petro anamaliza kwa onyo: mume asiyemheshimu mke wake, maombi yake yanazuiliwa. Mzee wa kanisa anayeomba kwa sauti kubwa ibadani, na nyumbani anamdhihaki mkewe kwamba amezeeka, na asome tena fungu hilo.

ALHAMISI: Ana Hekaluni

Soma Ruthu 1:11–21 na Luka 2:36–38. Naomi alijionaje? Ana alikuwa akifanya nini katika umri wake?

Naomi alijihesabu kuwa mtupu. Alisema waziwazi kwamba amezeeka mno kuwa na mume, akajipa jina la uchungu. Mungu hakumkaripia. Alimjibu polepole, kwa mkwe mwaminifu, kwa chakula, na kwa wanawake wa kijiji waliosimama naye. Huzuni ya miaka hii isiitwe kukosa imani. Ikiwa inadumu na kumzuia mtu kula, kulala au kufanya kazi, aombewe na pia apelekwe kwa mtaalamu wa afya.

Ana alikuwa mjane kwa miaka mingi, na Luka hataji mtoto wake yeyote. Lakini yeye ndiye aliyewatangazia waliongojea ukombozi wa Yerusalemu habari za Mtoto yule. Hekalu lilikuwa na nafasi kwa ajili yake.

Jambo hili lina uzito wa pekee huku magharibi na Kanda ya Ziwa, ambako wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Mara nyingi ushahidi umekuwa macho mekundu, ambayo moshi wa kuni wa miaka 40 unatosha kuyaeleza, na neno la mpiga ramli chonganishi. Tuhuma hazianzi siku ya panga. Huanza mwanamke anapoonekana hana kazi tena: hazai, halali usiku, anatembea uani gizani akitafuta upepo, anasema peke yake. Mshiriki wa kanisa anayerudia uvumi huo kisimani amevunja amri ya tisa na kufungua mlango wa kuvunja amri ya sita. Kanisa linalomjua bibi kwa jina, linalomtembelea na kumpa darasa la kufundisha kama Tito 2:3–5 inavyoagiza, limeweka ukuta kati yake na wauaji.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Katika kitabu Huduma ya Uponyaji, kilichotolewa mwaka 1905, Ellen G. White anataja dawa za asili: hewa safi, mwanga wa jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula kinachofaa, matumizi ya maji, na kuitumainia nguvu ya Mungu. Pitieni moja baada ya nyingine, mkiuliza jinsi kila moja inavyomsaidia mwanamke wa umri wa Sara, na ni ipi anayoikosa kwa sababu ya wingi wa kazi anazobebeshwa nyumbani.

Maswali ya Kujadili:

1. Isaya 46 inatofautisha mungu anayebebwa na Mungu anayebeba. Ni desturi zipi za mahali penu zinazomtaka mwanamke abebe hadi aanguke? Kanisa linaweza kumtua mzigo gani juma hili?

2. Dada anasema, “Niliomba Mungu aondoe joto hili, hakuliondoa. Sasa nikienda hospitali, je, nimekosa imani?” Mtamjibuje kutoka katika Marko 5 na Isaya 38:21?

3. Idara ya Huduma za Wanawake inataka mhudumu wa afya afundishe somo hili Sabato alasiri. Je, wanaume wawepo? Toeni sababu zenu kutoka 1 Petro 3:7.

4. Mnasikia bibi wa jirani, asiye mshiriki wenu, ananong'onwa kuwa mchawi. Nani atakwenda kumtembelea, lini, na nani atazungumza na mwenyekiti wa kijiji?

Kabla ya kufunga kwa maombi, kikundi kiwachague wanawake wawili watakaomsindikiza zahanati yeyote anayeogopa kwenda peke yake. Jina lake lisitangazwe.