Mkimbizi Asitundikwe

Watu wa mji wetu wakizungumza habari za wakimbizi huulizana jambo moja tu, wapokewe au wasipokewe? Swali hilo lina haki yake, lakini limefunika jengine ambalo kwa rai yangu ni zito zaidi. Je, ni halali kumweka mtu mlangoni miaka na miaka, hukumwambia ingia wala hukumwambia rudi?

Tazameni sharia yetu ya ndoa. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 129, mume amekatazwa kumwacha mkewe kama aliyetundikwa, ambaye hana raha ya mwenye mume wala hakuachwa akaolewa na mwengine. Hata mke wa mtu aliyepotea, Sayyidna Umar alimwekea muda wa miaka minne. Hapo hakuna aliyejua kama mume yu hai au amekufa. Na juu ya hivyo kungoja kulipewa mwisho.

Sasa angalieni Dadaab. Kambi zile zilianza mwaka 1991, na Kakuma mwaka 1992. Mtoto aliyezaliwa humo siku zile leo ni mzee wa watoto, nao pia wamezaliwa kambini. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilitaka maombi yajibiwe katika siku 90, lakini wengi siku hizo zimewageukia miaka. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo. Basi wakabaki: hawakufukuzwa wala hawakukaribishwa. Mwaka 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi ziwe miji ambamo mgeni na mwenyeji watatumia skuli moja na hospitali moja. Ni jambo la kheri, ila halimwondolei mtu haja ya kuambiwa hali yake ni ipi.

Sisi wa pwani si wageni wa mambo haya. Waliokimbia Barawa vita vilipozuka mwaka 1991 walifika Mombasa kwa vyombo, wakisema Chimwini, ndugu wa Kiswahili chetu. Wengi wakawekwa kambini, hata kambi za huku zikafungwa katika miaka ile ile ya 1990. Na wangapi katika sisi wenyewe wamedaiwa cheti cha babu ndipo wapewe kitambulisho? Kisha, ajabu, yuko kwetu mwenye nyumba anayempandishia kodi asiyekuwa na karatasi, kwa kujua kwamba huyo hana pa kushtaki. Huyo naye anakula katika kule kutundikwa.

Atasema msemaji: serikali ina haki ya kujilinda. Naam, inayo, na atakayethibiti kuwa na shari arudishwe. Lakini kuthibiti huja kwa kusikiliza. Makureshi walipompelekea Najashi wajumbe na zawadi ili awatoe Waislamu waliokimbilia Habasha, wakubwa wa baraza yake walimshauri awatoe bila ya kuwasikia. Alikataa. Aliwaita, akawauliza, Jaafar bin Abi Talib akajibu. Siku ya pili wakaulizwa tena juu ya Nabii Isa. Kwa siku mbili shauri likesha, na zawadi zikarudishwa kwa wenyewe. Mfalme huyo alikuwa Mnaswara, na waliosimama mbele yake hawakuwa na cheti chochote.

Rai yangu ni hii. Muda wa sheria ukipita bila ya jibu, mwombaji ahesabiwe amekubaliwa, afanye kazi na asafiri, mpaka ithibiti vingine. Maana uzito wa afisi si haki kumbebesha mnyonge. Na akikataliwa, aandikiwe sababu kwa lugha anayoifahamu, apate kukata rufani kabla ya kupandishwa gari.