Kuua kwa Haja na Kuua Bure

Wazee wa pwani wana mithali yao: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Maana yake, twaweza kumdharau mtu, na huku kilicho chake kikatufaa. Nasi twalitumia jina hilo Baniani kwa Wahindi wa dini nyingi, bila kuuliza kila mmoja anaamini nini. Basi, ndugu msomaji, na tuwatazame baadhi yao, ndio Wajaini, tuone kama limo kwao neno la kutufaa sisi Wakristo wa Temeke na Kinondoni.

Wajaini wengi wa Afrika ya Mashariki asili yao ni vijiji 52 vilivyo karibu na Jamnagar, mji wa Gujarat katika Bara Hindi. Mji huo ulianzishwa mwaka 1540, nao una mahekalu ya Kijaini ya kale. Wazee wa vijiji vile walikuwa wakulima. Ukame na njaa viliwasukuma kuvuka bahari, na wa kwanza wao walifika Afrika ya Mashariki mwaka 1899. Mwaka 1963 Wajaini wa Mombasa walifungua hekalu lao la marumaru nyeupe.

Amri yao ya kwanza ni kutodhuru chenye uhai. Watawa wao hufagia njia mbele ya miguu yao, wasije wakamkanyaga mdudu. Wasio watawa hawali nyama, na wengi hawali hata viazi wala vitunguu, maana kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima.

Mtu atacheka na kusema, Ni nani alimaye asikate mnyoo kwa jembe? Lakini Wajaini wenyewe waliliona swali hilo zamani. Walipambanua madhara. Yako yatokanayo na kazi za nyumbani, na kutafuta riziki, na kujilinda. Hayo mtu asiye mtawa huvumiliwa, ila ajitahidi yawe machache. Bali kuumiza kwa kusudi, pasipo haja, ni mwiko kabisa.

Sisi hatufuati sheria yao. Mungu alimpa Nuhu wanyama kuwa chakula, na mbu aletaye malaria twamwua bila kujuta. Wala hatusemi kuku ni sawa na mtu. Lakini kupambanua kule kwatuhusu sana. Tazama barabara ya Mbagala asubuhi: kuku wamefungwa miguu, wananing'inia vichwa chini juu ya baiskeli, na jua linawachoma. Kumchinja kuku ni haja. Kumtesa njiani ni haja gani?

Mwenye kuku atajibu, Mimi ni maskini. Tenga hugharimu fedha, na faida yangu ni ndogo. Neno hilo si la kupuuzwa. Umaskini waweza kumwondolea mtu lawama ya jambo asiloweza kuliepuka. Lakini hauwezi kumwondolea lawama ya jambo alilolizoea tu. Na mtoto ampigaye mjusi kwa mawe, naye ana umaskini gani? Hata hivyo watu wazima hupita wakinyamaza.

Mwingine atasema, Mtu aweza kumhurumia sisimizi na kumpunja mpagazi wake. Ni kweli, nao wapo watu kama hao katika kila dini, hata kanisani mwetu. Huruma isiyomfikia mwanadamu ni bure. Lakini ukatili nao haukai mahali pamoja. Mkono uliozoea kutesa kiumbe kisichoweza kushitaki, haukawii kumfikia mtoto wa kambo na mtumishi wa nyumbani, maana hao nao hawana wa kuwasemea.

Katika Kitabu cha Yona, Mungu alipoeleza kwa nini auhurumie Ninawi, hakuwasahau wanyama wa mji ule. Ikiwa Yeye aliwahesabu, sisi ni nani hata tuwapite? Basi kila mmoja wetu, kabla ya kuinua mkono juu ya kilicho dhaifu, na ajiulize: Je, hii ni haja, au ni mazoea?