Supu ya Pakiti na Hesabu ya Saa

Kuna shtaka moja ambalo halihitaji mahakama wala ushahidi: "Huyo hupika na pakiti." Ukilisikia kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, ama kwenye meza ya harusi mashangazi wakishachangamka, unajua linamlenga nani. Linamlenga mwanamke, mara nyingi kijana, mara nyingi wa mjini, na maana yake ni kwamba hana upendo wa kutosha kuchemsha mifupa. Nimelisikia mara nyingi hadi nikaanza kujiuliza: kwani upendo hupimwa kwa saa?

Tuanze na vitu vyenyewe. Kwa Mkenya, supu ni mifupa. Ni miguu ya ng'ombe ama kichwa cha mbuzi, imechemka hadi mafuta yakaelea juu, ikatiwa chumvi, pilipili na dania, ikanywewa kwa kikombe. Ile ya pakiti ni wanga wa mahindi, chumvi, viungo, vipande vya mboga iliyokaushwa na kiongeza ladha. Unakoroga kwenye maji, unachemsha dakika chache, imeiva.

Wengi husema hiyo ya pili ni feki. Hapo sikubaliani nao. Mwaka wa 1908, mkemia Mjapani Kikunae Ikeda alitenga glutamati kutoka kwa mwani uitwao kombu, akaonyesha kwamba ndiyo inayoleta ile ladha nzito ya mchuzi. Hiyo ndiyo hutiwa kwenye pakiti nyingi, na hiyo hiyo imo ndani ya nyanya unazonunua kwa mama mboga. Kama pakiti ina kosa, kosa haliko kwenye kemia.

Afadhali tuulize ilitoka wapi. Uswisi ya miaka ya 1880 ilikuwa na viwanda vingi na wanawake wengi ndani yake. Sheria ya viwanda ya mwaka wa 1877 ilikuwa imeweka kikomo cha saa 11 za kazi kwa siku, na hayo yalihesabiwa kuwa maendeleo. Mama akitoka hapo, nani angechemsha maharagwe hadi yaive? Familia za wafanyakazi zilikuwa zikila vibaya. Daktari mmoja aliyekuwa mkaguzi wa viwanda, Fridolin Schuler, alilipigia kelele jambo hilo, na Julius Maggi, mwenye kinu cha unga, akaitikia. Mwaka wa 1884 alitoa unga wa jamii ya kunde, na mwaka wa 1886 supu za mbaazi na maharagwe zilizo tayari kupikwa. Jina lake ndilo unaloliona kwenye rafu za duka mpaka leo.

Soma hadithi hiyo polepole. Kiwanda kilichukua saa za mwanamke. Kisha kiwanda kingine kikamuuzia njia ya kuishi bila saa hizo. Pakiti haikuuliza, "Mbona asirudi nyumbani mapema?" Supu ya pakiti haikuzaliwa kwa uvivu wa mtu. Ilizaliwa kwa sababu muda ulikuwa umeshauzwa, na njaa ya jioni haikungoja.

Sasa turudi Nairobi. Mtu anatoka kazini saa kumi na mbili, anakwama Jogoo Road saa nzima na nusu, anafika kwa keja na mtungi wa gesi wa kilo sita ambao lazima ufike mwisho wa mwezi. Mifupa inataka saa tatu, nne kwa moto. Ukimwambia mtu huyo "haraka haraka haina baraka," unampa methali badala ya gesi.

Dadangu alipojifungua, rafiki yake alikuwa wa kwanza kufika nyumbani. Ni muuguzi, alikuwa anatoka zamu ya usiku. Akamkuta dadangu hajatia kitu mdomoni, akachemsha pakiti ya supu ya uyoga, akapasua yai ndani, kisha akambeba mtoto ili mama anywe kwa mikono miwili. Siku iliyofuata shangazi alifika kutoka ushago na mifupa kwenye mfuko. Aliwasha jiko la makaa alfajiri, na supu ikaiva saa saba mchana. Nilikuwepo siku zote mbili. Siwezi kukuambia ni nani kati yao alimpenda dadangu zaidi. Shangazi alitoa saa saba kwa sababu alikuwa nazo. Rafiki alitoa dakika ishirini kutoka kwa usingizi wake.

Kwa hivyo sidhani saa ndizo kipimo. Kipimo ni kuangalia: unajua unampikia nani? Shosho ana presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, na ukipika mwenyewe unaweza kuizuia mkono wako. Pakiti ilishaamua chumvi yake kiwandani, kwa ajili ya mtu yeyote, na shosho si mtu yeyote. Lakini hata sufuria ya nyumbani inaweza kuwa kipofu. Nimeona supu iliyochemka tangu asubuhi ikipelekewa mgonjwa ikiwa na pilipili asiyoweza kumeza, kwa sababu "sisi ndivyo hupika." Lile yai la rafiki lilikuwa na macho kuliko sufuria hiyo.

Hata hivyo, siwezi kuishia hapo nikaiachilia pakiti. Kuangalia ni ujuzi, na ujuzi hukua kwa mazoezi. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, wanasema, lakini mapishi hayo mbalimbali hujifunzwa kwa kuonja, kuongeza, kupunguza na kuonja tena. Aliyezoea kusoma "ongeza maji nusu lita" haulizwi aonje. Ukipita miaka kumi hivyo, siku mtu wako akiugua utajua kufungua tu. Ndiyo maana muda unarudi kwenye hesabu hata tukiutoa. Hauthibitishi upendo, ila bila muda kabisa, upendo hauna mahali pa kujifunza kazi yake.

Na hapo ndipo shtaka la mashangazi linapomkosa mhusika. Nenda soko la Burma, ama kwa bucha yoyote ya mtaani jioni. Utawakuta wanaume wamesimama na vikombe vya supu ambayo hawakuipika. Mtu mmoja alichemsha sufuria kubwa, kila mtu analipa bob kadhaa, na hakuna anayeambiwa ameshindwa kupenda familia yake. Supu hiyo hainiudhi. Naipenda, na naona ndani yake jibu tofauti na lile la Maggi: moto mmoja kwa watu wengi, na mpishi analipwa. Kinachoniudhi ni kwamba ndugu huyo huyo hurudi nyumbani na kuuliza kwa nini hapa tunakunywa ya pakiti.

Mimi bado naweka pakiti mbili kabatini, na Jumapili nikiwa na nafasi nachemsha mifupa. Sioni mgongano hapo. Lakini nimekataa kulijibu shtaka lile kwa aibu. Mtu akisema fulani hupika na pakiti, mimi huuliza alitoka kazini saa ngapi, gesi hulipwa na nani, na ni nani mwingine mle ndani anayejua kushika mwiko. Kwa kawaida kimya huingia mezani. Halafu mtu fulani, mara nyingi binamu yangu wa kiume, huuliza mifupa huchemshwa muda gani. Namwambia aje Jumapili, aje na vitunguu.