Sala Aliyotungiwa Desdemona

Mtu akichukua mchezo wa kale wa huzuni, ambao mtungaji wake alikwisha kufa zamani, akawatia watu wa mchezo ule nyimbo ambazo mtungaji hakuziandika, je, amefanya haki? Wako wasemao kwamba huo ni wizi. Wengine husema kuwa mchezo ukiisha kutoka mikononi mwa mwenyewe ni wa watu wote, na kila mtu aimbe apendavyo. Sisi twaona pande zote mbili zimekata shauri upesi mno. Kumtia mtu wimbo kinywani ni kusema: haya ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake. Na kuusemea moyo wa mtu si jambo dogo, hata kama mtu huyo ni wa hadithi.

Na tutazame mfano mmoja. William Shakespeare, ambaye wasomaji wetu wengi wanamjua kwa michezo yake miwili iliyofasiriwa na Mwalimu Nyerere, aliandika pia mchezo wa Othello, karibu na mwaka 1604. Othello ni jemadari Mwafrika anayeitumikia dola ya Venisi. Iago, askari aliye chini yake, anamnong'oneza kwamba mkewe Desdemona si mwaminifu, na leso iliyookotwa inageuzwa kuwa ushahidi. Othello anamwua mkewe kitandani, na baada ya kumwua ndipo anapojua kwamba mwanamke yule hakuwa na kosa lo lote.

Mwaka 1816, Gioachino Rossini aliufanya mchezo huo kuwa opera, yaani mchezo wa kuimbwa. Ulipochezwa Roma mwaka 1820, mwisho wake ulibadilishwa: mume na mke wakapatana, wakaimba kwa furaha. Juu ya hilo hatuna maneno mengi. Watazamaji walirudi makwao na usingizi mwema, naye Desdemona akanyang'anywa hata kifo chake.

Giuseppe Verdi ndiye anayetupa kazi ya kufikiri. Alikuwa na umri wa miaka 73 opera yake, Otello, ilipochezwa mara ya kwanza Milano, tarehe 5 Februari 1887. Maneno yalitungwa na Arrigo Boito. Katika mchezo wa Shakespeare, kabla ya kumwua mkewe, Othello anamwuliza kama amekwisha kusali usiku ule, naye anajibu kwamba amesali. Basi, ni hayo tu. Sala yenyewe hatuisikii. Boito akalishika neno hilo moja, akaiandika sala. Desdemona anapiga magoti na kuanza Salamu Maria kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama tunavyosali rozari nyumbani jioni. Kisha wimbo unafunguka. Anamwombea mwenye dhambi na asiye na hatia. Anamwombea mnyonge anayeonewa, na pia mwenye nguvu, kwa kuwa huyo naye ni maskini. Hapo tunajua anamwombea nani, ingawa hamtaji.

Yafaa tukumbuke kwamba kipawa hicho kilikuwa na gharama. Ili kupata nafasi ya nyimbo, Boito aliiondoa sehemu yote ya kwanza ya mchezo, inayotokea Venisi. Humo Desdemona anasimama mbele ya wazee wa baraza na mbele ya baba yake mwenyewe, na kuitetea ndoa yake bila kutetemeka. Mwanamke aliyekuwa na maneno mbele ya wakubwa amebaki na maneno mbele ya Mungu tu. Sisi twasikitika kuipoteza sehemu ile.

Boito alimtungia Iago wimbo pia: Nasadiki iliyopinduliwa. Humo anaungama kuwa anaamini mungu katili aliyemwumba kwa mfano wake, na kwamba baada ya kifo hakuna kitu. Verdi alipoletewa maneno hayo mwaka 1884 aliyasifu sana, akasema kwamba ni ya Shakespeare kabisa. Twathubutu kumpinga.

Huenda msomaji akatabasamu: gazeti la Kanisa, bila shaka litaipenda Salamu Maria na kuikataa kufuru! Sivyo. Mwovu katika mchezo lazima aseme maovu, ama sivyo si mchezo. Shabaha yetu ni nyingine. Shakespeare aliacha mlango wa sala wazi, lakini mlango wa Iago aliufunga. Mwishoni, alipoulizwa kwa nini ametenda hayo, Iago anakataa kusema neno tena. Katika mchezo mzima watu wanamwita mwaminifu. Anakaa nao, anakunywa nao, anawapa pole. Je, si ndivyo tunavyomjua msengenyaji katika mitaa yetu? Hatangazi ukafiri wake. Anakuja jioni, anaketi, anauliza habari za watoto, anasema, "Mimi sipendi kuingilia mambo ya watu, ila nimeona." Kesho yake mume hazungumzi na mkewe. Anayengoja mpaka mtu wa namna hiyo aimbe kwa tarumbeta kwamba anaamini ubaya, atangoja sana, na nyumba yake itakuwa imekwisha bomoka.

Kwa hiyo wimbo wa Iago, kwa uzuri wake wote, umeeleza lililokuwa halielezeki, ukalipunguza. Sala ya Desdemona haikueleza kitu. Imemwacha aseme mwenyewe, kabla wengine hawajaanza kusema habari zake juu ya maiti yake.

Anapomaliza, analala. Mazeze makubwa yenye sauti nzito yanaanza kunguruma chini chini, na Othello anaingia. Anamwuliza swali lile lile: je, umesali? Anajibu kwamba amesali, nasi safari hii tumemsikia.